Bukavu: Msichana aliyemkataza mama yake Kirundi, na kitabu cha «Petit Pays»

Bukavu – Saa kumi na moja jioni, katika mtaa mmoja wa Panzi, bidoni za njano zimepangwa mstari mbele ya robine. Kati ya watoto wanaongojea maji kuna msichana wa miaka 14. Tangu jamaa yake ikimbie vita Goma, amemwekea mama yake sheria moja: nje ya parseli, asimwite tena kwa Kirundi.

Mama yake alizaliwa Rumonge, nchini Burundi, kando ya ziwa Tanganyika. Baba yake ni Mkongomani wa Kalehe. Walipokuwa Goma, lugha mbili zilikaa nyumbani mwao bila ugomvi. Baba alisema Kiswahili, mama alichanganya. Akitaka kumtuma mtoto chumvi aliita «Ngwino!», mtoto akajibu «Ndaje!», kisha akakimbia dukani kununua kwa Kiswahili. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Sasa baba amebaki Goma kulinda nyumba, na wengine wanaishi Panzi kwa shangazi, watu 12 katika vyumba vitatu. Juma la kwanza mvulana mmoja alimsikia mama akiita kutoka mlangoni. Akamuuliza msichana: «Mama yako anasema lugha gani ile?» Msichana akajibu: «Ni lugha ya watu wa Uvira.» Mvulana akacheka: «Watu wa Uvira ninawajua mimi. Ile ni ya ng'ambo.»

Ng'ambo, kwa mtu wa Bukavu, ni upande wa pili wa mto Ruzizi. Kirundi na Kinyarwanda vinakaribiana sana, na kwa sikio la mpita njia ni kitu kimoja. Katika mji ambao watu wamepoteza ndugu, mashamba na kazi, sikio la jirani linaweza kuwa kama kizuizi cha barabarani. Linakusimamisha, linakuuliza, linakupitisha ama linakurudisha. Jioni ile msichana akatoa sheria yake. Mama hakubisha. Tangu siku hiyo, akimhitaji, anapiga makofi mara mbili.

Kitabu ndani ya mfuko wa plastiki

Ni shangazi aliyempeleka kwa Madamu. Madamu anafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, na kila Jumamosi mchana anakusanya vijana kwenye baraza lake. Wako tisa: watano ni wa mtaa, wanne ni watoto wa wakimbizi wa vita. Kitabu ni kimoja tu. Jalada limeachana na kurasa, na Madamu anakifunga ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Anasoma ukurasa kwa Kifaransa, kisha anausimulia kwa Kiswahili. Asiyekijua vizuri Kifaransa anasikiliza tu, kama anavyosikiliza redio.

Kitabu kinaitwa «Petit Pays», yaani Nchi Ndogo. Kilitoka Ufaransa mwaka 2016, na mwaka uleule wanafunzi wa sekondari wa kule wakakipa tuzo yao, Goncourt des lycéens. Mwandishi wake, Gaël Faye, alizaliwa Bujumbura mwaka 1982. Baba yake ni Mfaransa, mama yake ni Mnyarwanda aliyeishi Burundi kama mkimbizi. Mwaka 1995, vita ilipozidi Burundi, mtoto huyo alihamia Ufaransa.

Kabla ya kuandika riwaya, Faye alijulikana kwa muziki wa rap. Albamu yake ya mwaka 2013 aliipa jina «Pili-pili sur un croissant au beurre». Vijana waliposikia jina hilo walicheka sana. Nani anaweka pilipili juu ya croissant ya siagi? Madamu akawajibu: «Yeye. Baba ni siagi, mama ni pilipili, na mtoto anaulizwa kila siku ana ladha ya nani.» Msichana wa Goma hakucheka na wenzake.

Madamu alieleza tangu mwanzo kwamba kitabu si maisha ya mwandishi kama yalivyokuwa. Ni riwaya. Anayesimulia ni Gabriel, wanamwita Gaby, mtoto wa miaka kumi hivi, mwenye baba Mfaransa, Michel, na mama Mnyarwanda, Yvonne. Ana dada mdogo, Ana. Wanakaa Bujumbura, katika njia isiyotokea mbele, pamoja na watoto wenzake wanaoiba maembe ya majirani. Ng'ambo ya ziwa wanaona milima ya Zaire, ndiyo Kongo yetu ya leo. Hata Bukavu imo: mwanzoni jamaa nzima inakuja huku kumtembelea mzee mmoja Mzungu, rafiki wa baba. Hapo vijana wa Panzi walipiga makofi. Hawakuwa wamewahi kusikia mji wao ndani ya kitabu.

Mtoto anajua kidogo, msomaji anajua zaidi

Jambo la kwanza ambalo Madamu aliwaonyesha ni macho yanayosimulia. Karibu na mwanzo watoto wanamuuliza baba yao kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Je, hawana nchi moja? Wanayo. Lugha moja? Ni moja. Mungu mmoja? Ni mmoja. Basi ni kwa sababu gani? Baba, kwa kukosa jibu, anasema ni kwa sababu pua zao hazifanani. Kutoka hapo watoto wanaanza kutazama pua za watu mjini, kama mchezo.

Madamu akauliza: «Mwandishi anajua kwamba huu ni upuuzi. Kwa nini hakusema?»

Mvulana mmoja aliyekimbia Minova akajibu: «Kwa sababu mtoto hajui. Akisema mwandishi, mtoto atanyamaza.»

Hiyo ndiyo mbinu yenyewe. Gaby anajua kidogo, na msomaji anajua zaidi. Msomaji anajua kwamba Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa rais wa Burundi mwezi wa sita 1993, aliuawa tarehe 21 mwezi wa kumi mwaka uleule. Anajua kwamba tarehe 6 mwezi wa nne 1994 ndege ya rais wa Rwanda ilitunguliwa Kigali, na rais mpya wa Burundi alikuwa ndani yake. Gaby hajui. Kwake uchaguzi ni sherehe, watu wanacheza njiani. Halafu asubuhi moja redio haisemi habari, inapiga muziki wa Ulaya. Wakubwa wanasikia muziki huo na wanaelewa kwamba serikali imepinduliwa. Mtoto anasikia muziki tu.

Vijana wote wanne wa wakimbizi wa vita walilielewa jambo hilo bila kuelezwa zaidi. Kila mmoja alikuwa na alama yake. Kwa mmoja ilikuwa ni mama aliyeanza kukunja nguo saa sita za usiku. Kwa mwingine, redio ya jirani iliyopunguzwa sauti ghafla. Msichana alisema kwamba kwao alama ilikuwa chumvi: mama alinunua mifuko mitano siku moja, na hakuna aliyemwambia ni kwa nini.

Nyumba inapasuka kabla ya nchi

Mbinu ya pili: mwandishi hakuanza na vita, alianza na ndoa. Michel na Yvonne wanagombana. Yvonne amekuwa mkimbizi tangu utoto, anataka kwenda Ufaransa apate usalama. Michel anapenda maisha yake ya Bujumbura na hataki kuondoka. Wote wawili wanatazama nchi ileile, lakini kila mmoja anaona nyingine. Mwishowe wanaachana.

«Angalieni,» Madamu alisema, «kabla ya taifa kugawanyika vipande viwili, mtoto ameona nyumba yake ikigawanyika. Vita ikifika, amekwisha kujua maumivu ya kuulizwa: uko kwa baba ama uko kwa mama?»

Kisha ukaja ukurasa wa lugha. Bibi yake Gaby, mkimbizi pia, anamlaumu Yvonne kwa sababu hakuwafundisha watoto Kinyarwanda. Kwa bibi, lugha ndiyo inamfanya mtu abaki mtu wa kwao hata akiwa ugenini. Yvonne hajali. Kwake watoto hawa ni wazungu wadogo, hata kama ngozi yao ina rangi. 

Jumamosi hiyo msichana alikaa kimya hadi mwisho. Wenzake walipoondoka akabaki akikunja mkeka. Akauliza: «Madamu, yule mama alifanya vibaya?»

Madamu akamwambia: «Binti yangu, alitaka kumlinda mtoto. Bibi naye alitaka kumlinda. Mmoja alificha lugha, mwingine alitaka kuitia mkononi. Kitabu hakikuhukumu. Wewe unaona je?»

Msichana akasema kwao mambo yalienda kinyume. Si mama aliyeificha lugha. Ni mtoto.

Baiskeli na haya

Kuna sura moja iliyoleta ubishi mkubwa kwenye baraza. Baiskeli ya Gaby inaibwa, inauzwa, inafika mbali, vijijini. Anakwenda kuitafuta pamoja na wafanyakazi wawili wa baba yake, Innocent na Donatien. Wanaikuta kwa jamaa maskini iliyoinunua kwa akiba yake, ili mtoto wao aifurahie. Donatien, ambaye ni Mzaire na mtu wa sala, anaona ni vibaya kuichukua. Gaby anaichukua. Njiani haya inamshika, na furaha ya baiskeli inakufa.

Mvulana wa Minova alikuwa upande wa Gaby kabisa. Nyumba yao iliporwa mpaka milango. «Kitu changu ni changu,» alisema. «Mimi nikimkuta mtu amelala juu ya godoro letu, nitalivuta.» Msichana mmoja wa mtaa akamjibu kwamba aliyelinunua godoro sokoni hakujua kama ni la wizi. Walibishana hadi mvua ikaanza.

Madamu hakuwapatanisha. Aliwaomba waone kitu kimoja tu. Mbele ya watu wale wa kijijini, hakuna aliyemuuliza Gaby kama ni Mfaransa ama Mnyarwanda. Kwao ni mtoto wa tajiri, basi. Gaby, ambaye kila pahali anajiona nusu, siku ile anajiona mzima ndani ya macho ya wengine, na hapendi anachokiona. Mwandishi hakuandika neno «utambulisho» hata mara moja pale. Aliandika baiskeli.

Barua kwa mtu wa mbali

Ndani ya kitabu kuna pia barua. Gaby anaandikiana na msichana wa Ufaransa anayeitwa Laure, ambaye hajawahi kumwona. Katika barua anajaribu kueleza nchi yake kwa mtu asiyeijua, na kwa kueleza anajifunza mwenyewe ni nini anachokipenda na ni nini anachokiogopa. Nyingine inamwendea binamu yake wa Kigali, Christian, wakati Christian hawezi kuisoma tena. Hapo Madamu alisimama kusoma kwa muda, na vijana wakangoja.

Akawapa kazi: kila mmoja aandike barua kwa mtu asiyejua kwao ni wapi. Ukurasa mmoja wa kaye, si zaidi. Mmoja aliandikia mwanamuziki wa Kinshasa. Mwingine aliandikia mjomba wake aliye Marekani, ambaye aliondoka kabla yeye hajazaliwa. Msichana aliandikia mvulana wa robine.

Alimwandikia kwamba alimdanganya. Mama yake si wa Uvira, ni wa Rumonge, na kule wanavua ndagala usiku kwa taa. Kwao Goma mama alipika ndagala, baba akaleta sombe kutoka sokoni, wakala pamoja. Yeye mwenyewe anahesabu kwa Kifaransa, anagombana kwa Kiswahili, na akiwa na homa anaota kwa Kirundi. Alimaliza kwa kusema: «Sikuchukua kitu chako. Nilikimbia mabomu kama wewe ungekimbia.»

Madamu alisahihisha makosa mawili ya herufi. Msichana alipouliza kama anaweza kumpa mvulana barua hiyo, Madamu alifikiri kwanza. Aliijua hali ya mtaa, na alijua kwamba karatasi ikitoka mkononi haijulikani itasomwa na nani. Akasema: «Itunze. Kuandika ukweli ni jambo moja, kuutoa nje ni jambo lingine. Hata Gaby, barua zake si zote zilisomwa.»

Kuchagua upande

Sehemu ya mwisho ya kitabu ni ngumu kwa vijana, na Madamu aliwaambia mapema. Kundi la marafiki linaharibika. Gino, rafiki mkubwa wa Gaby, naye ni chotara, na mama yake ni Mnyarwanda. Anataka waungane, walinde njia yao, wachague kambi. Gaby hataki. Anajificha ndani ya vitabu anavyoazimwa na jirani yao, mama mmoja Mgiriki. Anasoma ili mtaa uliokuwa mdogo upate kuwa mkubwa tena.

Vijana wa mtaa wa Panzi walimwona Gaby kama mwoga. Wale wakimbizi wa vita hawakusema hivyo. Walijua kwamba anayekataa kuchagua hapewi amani, anachaguliwa. Na ndivyo inavyotokea. Siku moja Gaby anasukumwa na vijana wenye silaha, wanaosema ni wa upande wake, mbele ya gari lenye mtu ndani yake. Mkononi mwake kunatiwa kibiriti kinachowaka. Mwandishi hakumfanya mtoto shujaa. Hakumtolea mlango. Msomaji ambaye tangu mwanzo alijua zaidi ya Gaby, sasa anamwona Gaby akijua kile ambacho mtoto hapaswi kukijua. Utoto unaisha kwenye ukurasa huo.

Halafu kuna mwisho wenyewe. Kitabu kilianza na Gabriel mtu mzima, aliye Ufaransa, siku ya kutimiza miaka 33, mwenye kufikiria kila siku kurudi. Kinafunga na kurudi kwake Bujumbura. Kama sahani inayofunika chungu, utu uzima unaufunika utoto juu na chini. Katika kabare ya njia yao ya zamani, gizani, anasikia sauti ya mwanamke mzee. Ni mama yake, Yvonne, ambaye alipotea akilini tangu aliporudi kutoka Rwanda baada ya mauaji ya mwaka 1994. Yuko hai. Lakini mwanawe akimkaribia, anamwita kwa jina la Christian, binamu aliyekufa.

Baraza lilinyamaza. Vijana wawili walitazama chini. Madamu akafunga kitabu ndani ya plastiki yake na akasema maneno machache: «Mtoto wa pande mbili si nusu na nusu. Ni mzima, mpaka siku watu wanapomwambia ajikate. Mwandishi huyu hakutoa hotuba juu ya jambo hilo. Alituonyesha pua, redio, baiskeli na barua, na mama asiyeweza tena kumwita mwanawe kwa jina lake. Nyinyi mlio na mama mwenye kuwaita bado, nendeni nyumbani.»

Makofi mawili

Msichana alirudi kabla ya giza, bidoni kichwani. Robine ilikuwa imefungwa, watoto wameondoka, mvulana yule naye hakuwepo. Alipofika kwenye mlango wa parseli, mama alikuwa nyuma ya nyumba, anachochea moto. Hakumwona akiingia. Akapiga makofi mara mbili, kuelekea njiani, kama kawaida.

«Ndaje,» msichana akasema.

Hakulisema kwa sauti kubwa. Alikuwa ndani ya parseli, karibu na ukuta, na kando yao walikuwa shangazi na kuku tu. Mtaa haujabadilika, na kesho kwenye robine atajibu tena kwa Kiswahili, kwa sababu hekima nayo ni ulinzi. Mama aligeuka, mwiko mkononi. Akamtazama kwa muda. Kisha akamwambia kwa Kirundi ashushe maji taratibu, yasimwagike.

Barua ya ukurasa mmoja bado iko ndani ya kaye. Jumamosi ijayo, kwenye baraza la Madamu, «Petit Pays» itaanza tena ukurasa wa kwanza, kwa sababu wamefika vijana wawili wapya kutoka Kalehe. Mama wa msichana ameomba ruhusa ya kuja kusikiliza. Kifaransa hakijui. Madamu amemjibu kwamba haina shida, kitabu kinasimuliwa kwa Kiswahili, na kama kuna pahali hakieleweki, binti yake yupo, atamfasiria.